Pandeni treni wawili, mimi siji

Mwanangu,

Marahaba. Huku Kigoma tu wazima, na maandalizi ya harusi ya mdogo wenu yanakwenda.

Umeniuliza kwa nini nisije Dar, halafu tusafiri wote watatu, ili wewe na kaka yako mkianza tena kuzozana juu ya fedha za paa la nyumba hii, niwepo kuwasuluhisha. Siji. Na hiyo ndege uliyoitaja achaneni nayo. Njooni kwa treni, wawili.

Tangu mngali wadogo kila ugomvi wenu umeishia kwangu. Akikunyang'anya kiti, "Mama!" Ukimfichia viatu, "Mama!" Sasa mna watoto wenu na bado mnanipigia simu, mmoja asubuhi, mwingine jioni, kushtakiana. Hamjawahi kugombana mkaufikia mwisho wa ugomvi wenyewe, kwa sababu mimi nipo.

Mimi na mjomba wenu tulikuwa hivyohivyo mpaka tulipopelekwa shule, yeye Tabora Boys, mimi Tabora Girls. Likizo zikiisha tulikuwa tukipanda treni hapa Kigoma kwa waranti ya serikali, ile hati ya kusafiri bila kulipa nauli. Nyumbani alikuwa hataki hata kuonekana na mimi barabarani. Stesheni ndiko nilikomjua. Daraja la tatu lilikuwa likijaa hadi mlango wa choo, basi yeye hukwea dirishani, akashika nafasi, nami nikampitishia masanduku ya bati kutoka nje. Usiku tulisinzia kwa zamu, mmoja analinda mizigo. Bibi yenu alitufungashia migebuka ya kukaanga, lakini hakuwepo wa kutugawia. Tulibishania vipande hadi karibu na Uvinza, tukachoka, tukala. Na gizani huko, treni ikikaribia Malagarasi, ndipo aliponiambia kwamba Baba anamtaka awe fundi wa reli na yeye hataki kabisa. Sebuleni asingethubutu kulisema hilo. Mpaka leo mambo yake mazito huyasikia mimi kabla ya mkewe (mkewe anajua, na hunitania kwa hilo).

Msivutwe na treni ya umeme ya Dodoma. Ni nzuri, nasikia sifa zake, ila mtafika hata hamjamaliza kununiana. Pandeni ile ya zamani, inayopita njia ya Mjerumani iliyofika huku mwaka 1914. Kwenye vyumba vya kulala wanawake hutengwa na wanaume msipolipia chumba kizima, kwa hiyo kateni daraja la pili la kukaa, mkae pamoja. Mgongo utauma. Acha uwaume.

Mfuko wa chakula uwe mmoja, aushike yeye. Najua utabisha. Wewe ndiye unayesema hajui matumizi. Basi mwone akipatana bei ya kuku pale Saranda na kuhesabu chenji treni inaanza kusogea. Tiketi shika wewe, maana yeye naye anasema hakuamini wewe na karatasi yoyote.

Suala la paa msilianzishe Dar, wala msilizuie likija lenyewe. Sidhani kama litakuja kabla ya Dodoma. Kati ya Kilosa na Gulwe mtakuwa mnachungulia Mto Mkondoa, ule ambao mvua zikizidi hula tuta la reli, na mkisimamishwa huko msinipigie simu. Tabora nayo ina kusubiri kwake, mabehewa yakipangwa, mengine ya Mwanza, mengine ya huku. Kufikia hapo simu zimeisha chaji, mmeshalala, mmeshakula, abiria wa jirani ameshawasimulia maisha yake yote. Mtabaki nyinyi wawili. Muulize kaka yako kazi yake inaendaje. Usimuulize mshahara, muulize kazi. Kuna jambo anapaswa kukwambia yeye mwenyewe, wala si mimi, na huenda ndilo lililokwamisha zile fedha.

Mkiwa hapohapo Tabora, nunueni asali ya harusi, dumu la lita tano, mchangie nusu kwa nusu. Onjeni kabla ya kulipa.

Mjomba wenu atawapokea stesheni. Mkishuka bado hamsemeshani, chakula kipo na vitanda vipo, ila kesi sisikilizi.

Mama yako