Shangazi, Mama anauliza kama tutamzika kwa zamu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kitindamimba, naishi Moshi mjini, kwetu Marangu. Sote tulibatizwa Kilutheri. Kaka mkubwa sasa ni mzee wa kanisa. Dada aliolewa Kilema, akawa Mkatoliki. Kaka ninayemfuata yuko Arusha; pombe ilikuwa imemmaliza, akaokoka, anasali kwa Wapentekoste. Krismasi iliyopita dada alifanya ishara ya msalaba mezani. Kaka wa Arusha akasimama, akasema hawezi kuitikia amina kwenye sala ya "watu wa dini". Kaka mkubwa akagonga meza. Machalari, ndizi zetu za nyama, yakapoa. Mama, ana miaka 78, aliuliza tu: "Nikifa mtanizika kwa zamu?" Tangu siku hiyo gurupu la familia ni kurushiana mistari ya Biblia. Desemba hii niwaambie wasije, au nitafute kanisa moja tusali wote?*
*Kitindamimba, Moshi*

Marahaba, mwanangu.

La kutafuta kanisa moja liache. Hutaweza, wala hujatumwa. Paulo akiwaandikia Waefeso, sura ya 4 mstari wa 3, hawaagizi wautengeneze umoja wa Roho. Anawaambia wajitahidi kuuhifadhi. Mtu huhifadhi alicho nacho. Hao ndugu zako wanamwomba Bwana mmoja, kila mmoja kwake. Kazi yenu ni kutouvunja umoja huo mezani kwa Mama.

Halafu kumbukeni mlikotoka. Huko mlimani dhehebu la babu lilitegemea alizaliwa upande gani wa mto. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuta mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu wameshaanza kazi Kilema. Marangu na Kilema ni majirani wa kuombana moto, lakini huku wakashika kitabu cha nyimbo, kule rozari.

Sisemi mafundisho hayana uzito. Kaka yako mkubwa akienda misa Kilema hatakomunika, na hilo linauma, msijifanye haliumi. Ila Kanisa Katoliki halimbatizi upya Mlutheri, na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, jambo lilelile lililowatenganisha karne ya 16. Mzee wa kanisa angeweza kuyasema hayo kwa upole. Meza ilimkosea nini?

Wa Arusha ndiye mwenye kazi. Usimwite mkorofi. Mtu aliyetolewa kwenye pombe huogopa chochote anachodhani ni mazoea yasiyo na moyo, kwa sababu na yeye alikuwa akienda kanisani kwa mazoea huku anaangamia. Hofu yake naielewa. Alichokosea ni kujifanya anaujua moyo wa dada yake.

Mfuate. Si kwa simu, na kwenye gurupu ndiyo usiguse kabisa. Panda basi, umkute jioni na mkewe. Zamani ungebeba jani la isale, maana Mchagga akiletewa isale hakatai kusamehe, lakini mlokole wako anaweza kuliona tambiko. Beba mkungu wa ndizi. Usimwombe aikubali rozari, na akianza kukufundisha habari za ubatizo wa maji mengi msikilize mpaka amalize. Kisha mwombe jambo moja: Krismasi hii Mama ataongoza sala, naye aitikie amina kwa Mama. Kaka mkubwa naye aambiwe mapema kwamba hataongoza, uzee wake wa kanisa auache kanisani siku hiyo.

Swali la Mama lisipite kimya. Mjibuni mkiwa wote mbele yake: yeye ni Mlutheri, atazikwa na usharika wake, na nyote mtabeba jeneza.

Kuhusu sala yenyewe, Baba Yetu inatosha. Nilikuwa kwenye msiba Old Moshi, watu mchanganyiko. Tulipofika "ufalme wako", nusu wakasema "uje", nusu "ufike". Huku "mapenzi yako yatimizwe", kule "utakalo lifanyike". Wengine "riziki", wengine "mkate". Tukapwaya kama kwaya isiyofanya mazoezi, kijana mmoja mbele yangu akazuia kicheko kwa kanga ya mama yake. Kisha, bila mtu kuongoza, sauti zote zikakutana kwenye "utusamehe".

Basi salini hivyohivyo mnavyojua, msisahihishane. Dada afanye ishara yake, kaka afumbe macho. Na Mama asikawizwe kwa maombi marefu. Mwaka jana alikula machalari ya baridi.