Kidole Nilichokinyoosha

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuchora na kutengeneza kava hapa mjini, Jumatatu iliyopita mmoja wenu aliniletea kava ya singo niipitie kabla haijaenda kwa mteja. Msanii ni kijana wa Mbagala, na wimbo wenyewe unamhusu mama yake anayeuza vitumbua. Nyuma ya msanii kumejaa teksi za njano za New York, barabara nzima theluji. Nikamuuliza picha kaitoa wapi. "Pinterest, dada." Alijibu kwa utulivu, kama mtu niliyemuuliza nyanya kanunua wapi akasema Ilala sokoni.

Sikumfokea. Nilitoka nje, nikanywa kahawa vikombe viwili na kashata, nikarudi. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyokuwa nayapanga kichwani pale kwenye benchi la muuza kahawa.

1. Hizo teksi toeni. Sisemi msipende vya wenzetu. Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza vya Sinza, nimeangalia sinema za Kihindi na za kungfu mpaka macho yakauma, na katuni za Kijapani nazipenda hadi leo. Lakini mnamkumbuka mtafsiri wa kibandani? Anachukua sinema ya Hong Kong, watu wanarukiana juu ya mapaa, na yeye anatusimulia jirani wawili wa Manzese waliogombana kwa deni la dagaa. Kibanda kizima kinaelewa, kinacheka, kinachagua upande. Yule ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa sanaa. Alichukua cha mbali akakishusha mtaani kwetu, akakipa sababu ya kuwa hapa. Theluji ya kava yako inafanya nini Mbagala? Ukiwa na jibu, iache. Ukikosa, toa.

2. Mpangilio wa posta, yaani bango la tangazo, upo kwenye kanga. Nendeni Mtaa wa Uhuru, simameni mbele ya duka lolote la kanga nusu saa bila simu mkononi. Pindo linashika jicho lisitoke nje, mji unabeba picha, jina linakaa chini na kumaliza shauri kwa maneno machache. Mnaweka fonti tano kwenye flaya moja, wakati mama zenu wamevaa somo hilo kiunoni tangu hamjazaliwa. Mkitoka hapo pitieni Oyster Bay mkaone michoro ya tingatinga. Edward Said Tingatinga alikuja mjini kutoka Tunduru, na kuanzia 1968 akawa anachora kwenye vipande vya ubao kwa rangi ya kupaka baiskeli, maana ndiyo iliyokuwepo. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na hadi leo kuna watu wanaendesha familia kwa mtindo ule. Nanyi mnaniambia kazi imekwama kwa sababu tableti ni ya zamani.

3. Kabla ya kupeleka faili Kariakoo kuchapwa, badilisheni rangi ziwe CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapia, acheni milimita 3 za kukatia, na geuzeni maandishi yawe maumbo.

4. Nusu ya malipo kwanza, hata mteja akiwa binamu yako.

5. Msitresi picha ya mtu bila ruhusa yake. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na miaka 22. Mwimbaji mmoja aliniagiza posta ya onyesho lake; alikuwa na wimbo wa kumkumbuka bibi yake. Bibi yangu mimi alikuwa hai, Magomeni, kila jioni yuko barazani. Sikwenda. Niliingia intaneti, nikapata picha ya bibi mmoja anasuka ukili, mkeka umemlalia mapajani, mwanga unamwangukia kutoka dirishani. Nikaiweka leya ya chini, nikaififisha, nikaanza kutresi juu yake, mstari kwa mstari. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimepindia ndani. Nikaona kinaniharibia mkono, nikakinyoosha. Nikatia rangi, pembeni nikaandika jina langu.

Posta 300 zikabandikwa, Magomeni hadi Buguruni. Nilisifiwa, na nilizipokea sifa zote. Siku ya nne ukaingia ujumbe: "Dada, huyo ni bibi yangu."

Aliyeutuma ndiye aliyeipiga picha. Bibi alikuwa ameshafariki. Tulikutana kwenye banda la chai, akatoa picha halisi kutoka kwenye bahasha ya kaki, akailaza kando ya posta yangu aliyoibandua ukutani, nyuma yake bado imeng'ang'aniwa na chokaa. Hakupandisha sauti. Aliweka kidole chake juu ya ule mkono. "Hiki kilipinda kwa ukili. Mikeka ndiyo iliyotusomesha. Kwa nini umekinyoosha?"

Kwa wizi nilikwenda na visingizio vyangu, kwamba haina jina la mpigaji, kwamba wote wanafanya. Vyote havina maana: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda picha tangu inapopigwa, isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, isisajiliwe. Lakini swali la kidole sikuwa nimelitegemea. Nilimkodolea macho bibi yule siku mbili nzima, nikihesabu hadi mikunjo ya shingo, na sikujiuliza hata mara moja kimempata nini.

Nilimpa malipo yote ya kazi ile. Nilimwambia mwimbaji ukweli, naye akaenda kwa mchoraji mwingine. Usiku wa siku mbili mimi na kaka yangu tulizunguka na ndoo ya maji na visu vya jikoni tukikwangua posta, na gundi ya ngano ikikauka inashika kuliko saruji. Yule mpiga picha alipokea pesa, akasaini karatasi, akaondoka. Idi iliyofuata nilimtumia salamu. Hakujibu, na ana haki hiyo.

6. Basi mdogo wangu wa teksi za njano, nilimtuma Mbagala Rangi Tatu alfajiri akakae na mama wa msanii, na penseli tu. Amerudi jana na kurasa tisa, nguo zinanuka moshi na iliki. Kwenye ukurasa wa sita kachora kikaango cha vitumbua, mashimo saba, moja lina ufa na mama halimiminii uji wa mchele. Ameniuliza kama kwenye kava alizibe huo ufa ili kikaango kionekane kizuri. Nimemwambia asiuguse, na arudi kesho kumuuliza mama ulianza lini.