Maswali ya Wasomaji: Nikiingia Ofisini, Walimu Wananyamaza

SWALI: Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya kutwa hapa Ilemela, nina walimu 31. Kwenye semina tulijaza dodoso la akili hisia nikapata alama za juu. Lakini vikaoni walimu hawasemi kitu, nikiingia ofisini kwao maongezi yanakatika, na watatu wameomba uhamisho. Kulikoni?

JIBU: Mkuu, dodoso ulilojijazia mwenyewe limepima unavyojiona. Peter Salovey na John Mayer, walioeleza akili hisia mwaka 1990, waliizungumzia kama uwezo: kutambua hisia zako na za wenzako, kisha kuongozwa nazo katika kufikiri na kutenda. Aliye mahali pazuri pa kuuona uwezo huo ni mwalimu unayemwongoza. Halpin na Croft, waliopima hali ya kazi mashuleni huko Marekani miaka ya 1960, waliwauliza walimu: mkuu anajitenga? Anawajali? Yeye mwenyewe anachapa kazi?

Anza na kitabu cha mahudhurio. Mvua imenyesha, barabara ya Buswelu ni tope tupu, mwalimu anaingia saa 1:50 na mstari mwekundu wa wachelewaji umeshapigwa. Mstari uache ulivyo, utaratibu ni utaratibu. Kosa ni kumsema kwenye paredi, wanafunzi wakisikia. Kesho atawahi, ndiyo, lakini wenzake 30 watakuwa wamejua kwamba kwako mtu huumbuliwa hadharani, na kikaoni watafunga midomo.

Mwite siku hiyohiyo, akishamaliza vipindi, mkae wawili. Taja ulichokiona tu: “Mwalimu, wiki hii umechelewa mara tatu. Kuna nini?” Halafu nyamaza. Wakuu wengi hushindwa hapo. Kimya kikizidi kidogo wanaanza kuhutubia. Akisema ana mgonjwa nyumbani, mwombe mwalimu wa taaluma amwondolee kipindi cha kwanza kwa wiki mbili, mwandike makubaliano, mkutane tena siku ya kumi ya kazi. Barua ya kujieleza ije baada ya hapo. Ukianza na barua utajibiwa kwa barua, na sababu yenyewe hutaijua.

Kikaoni, ajenda zitoke siku mbili kabla, msaidizi wako aongoze, wewe uzungumze mwisho. Ukitangulia kutoa msimamo, nani atakupinga? Kila mwalimu aandike kero moja bila jina wala somo, maana mwalimu wa fizikia akiwa mmoja, kuandika “fizikia” ni kujitaja. Kikao kinachofuata jibu angalau mbili, hata kama moja ni “haiwezekani, kwa sababu fungu halijafika.” (Na usianze kulinganisha miandiko. Watajua.) Rudia zoezi mwisho wa muhula uone kero zipi zimebaki.

Hao watatu walioomba uhamisho waulize sababu kabla hujaudhika. Huenda mmoja anamfuata mwenza wake Geita na wewe humo kwenye hesabu zake. Na usidhani kila kitu kinatoka kwako. Tafiti nyingi za jambo hili huonyesha kwamba akili hisia ya mkuu na walimu kuridhika na kazi huenda pamoja, hazithibitishi kipi kimezaa kipi. Tena walimu haohao wakijaza madodoso yote mawili, la mkuu na la kazi yao, aliyeridhika na kazi humpa mkuu alama nzuri kote. Madarasa yakifurika, tabasamu lako halipunguzi daftari za kusahihisha.

SWALI: Mkuu wetu huku Ukerewe ni mpole mno, hagombi mtu. Mbona sisi tunaoingia darasani ndio tunachoka?

JIBU: Kwa sababu mnabeba vipindi vya wasioingia, naye anaogopa kuwaudhi. Upole wa namna hiyo si akili hisia. Kinyongo chenu hajakiona, au amekiona akakikwepa. Mpelekeeni daftari la vipindi la wiki mbili, vipindi visivyofundishwa vikiwa vimezungushiwa kalamu, bila kumtaja mtu. Mkuu wa aina hiyo huona tabu kumkabili mtu, ila karatasi ataisoma.