Injini ipi kwa gemu ya risasi ya kizamani?

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma chuo mwaka wa pili, naishi Tanga. Nataka kutengeneza gemu ya risasi ya kizamani, kwa heshima ya Doom ya 1993 ambayo mjomba alikuwa nayo kwenye kompyuta yake. Mandhari ni bandarini usiku: makontena, kreni, na mapepo yanayotoka kwenye shehena. Wenzangu wawili watasaidia, mmoja michoro, mwingine sauti. Kuhusu injini, yaani programu ya kutengenezea na kuendeshea gemu, mmoja anang'ang'ania Unreal, mwingine Unity. Mimi nimeanza kujifunza Godot, halafu kuna mtu akanitajia GZDoom. Kompyuta yangu mpakato ina RAM ya GB 4 na haina kadi ya picha. Tuchague ipi? Na je, tunaruhusiwa kutumia picha na sauti za Doom yenyewe, na siku moja kuiuza gemu yetu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chukueni GZDoom. Nitakueleza sababu, maana najua wenzako hawatakubali kirahisi.

Unreal iondoeni mezani leo. Ni injini kubwa na nzuri, ila kuipakua tu kunameza makumi ya GB za bando, na kwa RAM ya GB 4 hutafanya nayo kazi ya maana. Unity ni nyepesi zaidi, lakini tangu Septemba 2023 siwashauri vijana wenye miradi ya kujitolea waiegemee. Mwezi huo kampuni ilitangaza kutoza ada kila gemu inapowekwa kwenye kifaa. Watengenezaji walipiga kelele dunia nzima, na mwaka uliofuata ada ikafutwa. Hata hivyo tulishaona nani ameshika mpini.

Zinabaki mbili, na zote ni za bure. Godot ilianzia Argentina kwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014 kwa leseni ya MIT: tengeneza, uza, hudaiwi senti. GZDoom ina ukoo mwingine. id Software, kampuni iliyotengeneza Doom, ilitoa msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe) Desemba 1997, ukaja kuwekwa chini ya leseni huru ya GPL mwaka 1999, na mashabiki wanauendeleza mpaka leo; GZDoom imetokana na msimbo huo. Mwaka 2025 baadhi yao walijitenga wakaanzisha UZDoom. Hilo lisikutie wasiwasi, utakachojifunza kwenye moja utakitumia kwenye nyingine.

Sasa kwa nini sikuambii uendelee na Godot uliyokwisha kuianza? Kwa sababu ya vidole. Aliyeicheza sana Doom anaijua kwa vidole kabla ya macho. Ukiachia kitufe cha kwenda mbele, husimami papo hapo, unateleza kidogo. Ndani ya msimbo, Doom hupiga hesabu zake mara 35 kwa sekunde, na kila mara kasi yako inazidishwa kwa 0.90625, yaani inapungua kwa asilimia 9 na ushee. Mtelezo huo ndio unaokuwezesha kukata kona huku ukikwepa moto wa pepo. Godot, usipoibadilisha, hupiga hesabu za mwendo mara 60 kwa sekunde. Ukinakili namba ileile humo, breki zinakuwa kali karibu maradufu, na utakesha ukijiuliza mbona gemu haina ladha ya Doom. Dawa ipo: weka takriban 0.944. Lakini ukimaliza hilo kuna milango, lifti, adui anayeamshwa na mlio wa bunduki chumba cha pili, na maadui wanaogeukiana baada ya mmoja kumpiga mwenzake kwa bahati mbaya. Kwenye Godot hayo yote mtayajenga ninyi wenyewe, wanafunzi watatu wenye mitihani. Kwenye GZDoom mnayakuta.

Tazama adui anavyoandikwa. Huu ni mstari mmoja wa zombi wa Doom:

POSS AB 10 A_Look

POSS ni jina la picha, na daima lina herufi nne. AB ni mikao miwili anayopokezana akiwa amesimama. 10 ni muda wa kila mkao, yaani vipande 10 kati ya vile 35 vya sekunde. A_Look ndiyo kazi yake: aangalie kama kuna mtu. Weka jina la picha za pepo wenu mahali pa POSS katika mistari yote ya zombi huyo, na tayari mna adui wa kwanza anayewasubiri gizani.

Mchoraji wenu ajue mapema kinachomngoja. Kila mkao huonekana kutoka pande nane, ila injini inaweza kuigeuza picha ya kulia ikawa ya kushoto, kwa hiyo michoro mitano inatosha. Adui mwenye mikao minne ya kutembea anahitaji michoro 20, na hapo hajarusha risasi hata moja. Kufa kwake, kwa bahati nzuri, huchorwa upande mmoja tu. Anzeni na maadui watatu, msizidi hapo.

Bandari yenu inaifaa sana injini hii. Doom ya asili haiwezi kuweka chumba juu ya chumba: kila mahali pana sakafu moja na dari moja. Kontena lililolala chini ni sakafu iliyoinuliwa tu, kazi ya dakika chache. Kupita chini ya kreni kisha kupanda juu yake ndiko kulikoshindikana mwaka 1993, na GZDoom inaruhusu kwa sakafu za ziada. Zitumieni hapo kwenye kreni, kwingine jengeni kizamani. Halafu vipimo: kwa vizio vya ramani ya Doom, mchezaji ana kimo cha 56 na upana wa 32. Mkifuata vipimo vya bandari halisi, vichochoro kati ya makontena vitambana na atakwaruza ukuta kila hatua. Wekeni njia za 128 au zaidi. Ramani zichoreni kwa Ultimate Doom Builder, picha na sauti zipangeni kwa SLADE, na kompyuta yako ikigoma kuonyesha picha, ingia kwenye mipangilio ya video uchague OpenGL ES.

Kuhusu haki: kilichofunguliwa ni msimbo. Picha, sauti, muziki na ramani za Doom bado ni mali ya id Software, ambayo tangu 2021 iko chini ya Microsoft. Msiziweke kwenye faili mtakayosambaza. Tumieni Freedoom, mkusanyiko uliotengenezwa na mashabiki kwa leseni huru ya BSD. Mnaweza kuubadili na hata kuuuza, mradi maelezo yao ya hakimiliki yabaki. Na gemu yenu msiipe jina la Doom. Mwaka 2016 Nintendo ilitaka AM2R, gemu yake ya Metroid II iliyotengenezwa upya kwa miaka mingi na shabiki mmoja, iondolewe kwenye tovuti siku chache baada ya kutoka, ingawa ilitolewa bure.

Kuuza kunawezekana. Hedon na Selaco zinauzwa, na zote zimejengwa juu ya GZDoom. GPL inawataka mumpe mnunuzi msimbo wa injini, lakini michoro na muziki wenu vinabaki vyenu.

Kitu kimoja tu kingenibadilisha mawazo: simu. Kama wachezaji wenu hawana kompyuta, wana Android tu, basi rudini kwenye Godot, ambayo hutoa faili ya APK, yaani ya kusakinisha gemu kwenye Android, na mchague mfumo wa picha unaoitwa Compatibility. Mimi ningeiacha gemu hii kwenye kompyuta, kwa sababu kukimbia, kugeuka na kufyatua kwa pamoja kwa vidole gumba viwili juu ya kioo ni mateso.

Wiki hii tengenezeni chumba kimoja, kontena moja na zombi mmoja wa Freedoom. Mkikwama, niandikieni tena na mniambatanishie hiyo faili, nitaifungua.