Mgonjwa wenu hatarajiwi kupona? Daini haki yake Uingereza mapema

Daktari akishasema ugonjwa hautibiki tena, familia zetu hapa Uingereza hujipanga upesi. Simu zinapigwa Tanga na Mombasa, kisomo kinaandaliwa, zamu za kwenda hospitali zinagawanywa. Suala la posho ya serikali ndilo hubaki nyuma, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anawaza pesa wakati mtu yuko kitandani. Mimi nilimuuguza mjomba wangu katika nchi hii mpaka alipotangulia mbele ya haki, na tangu hapo nimesaidia familia kadhaa kujaza fomu hizohizo. Ninachowaambia wote ni kimoja: ombeni wiki hii, msingoje mwezi ujao. Posho hizi huhesabiwa tangu siku mlipoomba, si tangu siku mtu alipoanza kuumwa.

Kikwazo kikubwa nilichokutana nacho si Kiingereza, ni hofu. Mkaza mjomba aliposikia fomu inahusu nini alisema tunamchuria mumewe. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, na yeye hakutaka mzee aambiwe kwamba hakuna tiba. Wengi wetu tunalielewa hilo. Wasichojua wengi ni kwamba sheria nayo imeliona. Ombi linalopitia kanuni za mwisho wa maisha, zinazoitwa Special Rules, unaweza kulipeleka kwa niaba ya mgonjwa bila idhini yake, hata bila yeye kujua. Barua ya majibu atakayoletewa haitaji kanuni hizo popote. Itamwambia kiasi alichopewa, basi.

Karatasi inayobeba ombi inaitwa SR1. Ile ya zamani ilikuwa DS1500. Mgonjwa hailipii. Anaijaza GP (daktari wenu wa mtaani), daktari bingwa, au nesi wa saratani, na kwa uzoefu wangu nesi ndiye wa kumfuata kwanza, maana anamjua mgonjwa na simu yake hupokewa. Anayejaza haapi kwamba mtu atakufa tarehe fulani. Anathibitisha tu kwamba hatashangaa mgonjwa akifariki ndani ya miezi 12. Zamani ilikuwa miezi 6, na bado nakutana na watu waliokatishwa tamaa kwa hesabu hiyo; kwa PIP na Attendance Allowance, posho mbili nitakazozieleza hapa chini, ilibadilika Aprili 2023. Na Mungu akimjalia akaishi zaidi, hadaiwi arudishe senti. Kwa kawaida posho hutolewa kwa miaka 3, kisha hutazamwa upya. Scotland ina utaratibu wake: fomu ni BASRiS, na hakuna ukomo wa miezi kabisa.

Posho ipi? Inategemea umri. Aliyefikia umri wa pensheni ya serikali anaomba Attendance Allowance, na chini ya kanuni hizi anapewa moja kwa moja kiwango cha juu, ambacho kilikuwa pauni 110.40 kwa wiki katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Aliye chini ya umri huo anaomba PIP, na anapata kiwango cha juu cha sehemu ya maisha ya kila siku, pesa hizohizo. Sehemu ya pili ya PIP, ya kutembea na kusafiri, haiji yenyewe: lazima mweleze jinsi anavyotembea, kwa hiyo msiijibu juu juu. Hakuna kuitwa kwenye usaili wa afya, hakuna kusubiri ile miezi 3 ya kawaida, na hawaulizi mna akiba kiasi gani benki. Mkipiga simu, semeni mwanzo kabisa kwamba ni ombi la Special Rules. Mkitaka mkalimani, ombeni. Aliyekuwa akifanya kazi, au anayelipwa Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), aulize pia kuhusu nyongeza ya wasioweza kufanya kazi. Kanuni hizi humrusha foleni huko pia.

Mjomba, barua ilipofika, aliisoma akaikunja. Akaniambia, "Mwanangu, sasa mkamnunulie mama yenu koti la maana." Nadhani alikuwa anajua kila kitu tangu zamani.

Msimsahau anayeuguza. Kama mgonjwa amepewa Attendance Allowance, au PIP ile sehemu ya maisha ya kila siku, na mtu anamhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki, mtu huyo anaweza kuomba Carer's Allowance, mradi mshahara wake baada ya makato usizidi kikomo; mwaka 2025/26 posho ilikuwa pauni 83.30 na kikomo pauni 196, vyote kwa wiki. Mkaza mjomba alikuwa anasafisha ofisi alfajiri, akaingia humo bila shida. Ila kabla ya kuomba, ulizeni kwanza, maana kuna wagonjwa ambao posho zao nyingine hupungua mwenzao akichukua hii.

Wa kumuuliza yupo, na hatozi kitu: mashirika ya hisani kama Citizens Advice, Macmillan kwa wenye saratani, na Marie Curie, au hospisi yenyewe, yaani kituo kinachomtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Ukikutana na mtu wetu anayetaka "chai" ili akujazie fomu, mpite.

Sasa viza. Kama kibali cha mgonjwa kimeandikwa kwamba haruhusiwi fedha za umma, msiombe posho hizi kabla ya kuzungumza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, kwa sababu ombi lenyewe linaweza kuvuruga kibali. Kwa baadhi ya vibali sharti hilo huweza kuombewa liondolewe. Aliyewahi kulipa michango ya bima ya taifa aulizie New Style ESA, posho ya mgonjwa asiyeweza kufanya kazi, ambayo haihesabiwi kuwa fedha za umma. Na aliyehamia karibuni akiwa na haki kamili asikubali kuambiwa hajakaa miaka ya kutosha: sharti la kuwa amekaa wiki 104 nchini halimgusi anayeomba kwa kanuni za mwisho wa maisha, ingawa ni lazima makazi yake yawe hapa.

Halafu kuna hamu ya kwenda nyumbani. Hiyo huja karibu kila mara, na familia huogopa kwamba mzee akipanda ndege pesa zitakatwa. Attendance Allowance na PIP huendelea hadi wiki 13 za safari ya muda; iarifu DWP, idara ya serikali inayolipa posho hizi, kabla ya kuondoka. Universal Credit ni kali zaidi, mara nyingi mwezi mmoja tu. Mjomba alikwenda Tanga, akakaa barazani kwa dada zake, akarudi, na posho haikuguswa.

Jambo la mwisho halipendezi kulitaja, lakini nimeona familia zikishtukizwa nalo. Msaada wa serikali wa gharama za mazishi haulipii maziko ya Afrika Mashariki. Kama mnajua mgonjwa atataka kuzikwa kwao, waulizeni viongozi wa jumuiya yenu sasa hivi mfuko wao wa maziko unalipia nini, na mchangaji lazima awe amejiunga kwa muda gani.