Fundi umeme anajibu: meinswichi za zamani na breka ya 32

Shikamoo fundi. Nyumba ya marehemu baba, Ngamiani, Tanga, bado ina boksi la fyuzi za kaure. Halijawahi kutusumbua. Nibadilishe?

Marahaba. "Halijawahi kutusumbua" ndiyo kauli ninayoletewa kila wiki. Niliwahi kufungua boksi kama hilo nikakuta msumari wa inchi mbili umekaa mahali pa waya wa fyuzi, na mjusi aliyekauka kama dagaa amelala juu yake. Taa zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, na mwenye nyumba naye alikuwa hasumbuliwi.

Ubaya wa fyuzi hizi ni kwamba waya ukikatika saa nne usiku na duka limefungwa, mtu hufunga chochote chenye asili ya chuma. Hata ukiweka waya wa kweli, haukatiki mpaka umeme ukaribie mara mbili ya namba iliyoandikwa pale. Halafu wewe uko Tanga. Hewa ya chumvi inakula skrubu, skrubu ikilegea inapata joto, na joto hilo fyuzi hailioni kwa sababu umeme wenyewe haujazidi.

Umri peke yake haunitishi. Angalia waya uliobadilika rangi karibu na skrubu, plastiki inayokatika kama biskuti, kutu ya kijani, boksi lenye joto ukiligusa kwa nje. Kuna na harufu ya samaki mbovu jikoni ambako hakuna samaki: plastiki ya vifaa vya umeme ikiungua polepole hunuka hivyo. Ukiona dalili moja tu, badilisha. Na boksi lisilo na RCCB, yaani swichi inayokata umeme ukivuja, badilisha hata kama linang'aa. La kwako halina, siwezi kukudanganya.

Breka ya soketi ilikuwa ya ampea 20, ikawa inaruka kila tukipika na kupiga pasi. Fundi ametuwekea ya 32 na sasa imetulia. Tatizo limekwisha?

Hapana. Alichonyamazisha ni mlinzi. Nimeshaandika hapa mpaka wino umekauka: breka hailindi jokofu wala televisheni, inalinda waya ulio ukutani. Jiko la wati 3,000, birika la 2,000 na pasi ya 1,200 ni wati 6,200. Gawanya kwa volti 230, unapata kama ampea 27. Waya wa soketi zako, kama ni ule wa kawaida wa milimita za mraba 2.5, umewekewa breka ya 20 kwa makusudi. Sasa 27 zinapita humo kila jioni, waya unaiva ndani ya plasta, na breka ya 32 inatazama tu.

Rudisha ya 20 leo. Jiko livutiwe waya wake peke yake, mnene, na breka yake. Na huyo fundi mwombe leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji. Akianza hadithi ndefu, umeshapata jibu: ni kishoka, fundi asiye na leseni.

Naweza kubadilisha meinswichi mwenyewe nikiizima kwanza?

Usithubutu. Ukiizima, nyaya zinazotoka kwenye mita bado zina moto.

TANESCO watanibadilishia bure?

Mita ya LUKU ni yao. Boksi linalofuata baada ya mita ni lako na mfuko wako. Na lakiri ya mita usiiguse.

Nimeweka meinswichi mpya yenye kitufe cha T. Nikikibonyeza hakuna kinachotokea. Kina kazi gani?

Heko kwa kukibonyeza, wengi wanadhani ni pambo. Ni cha kujaribia RCCB iliyomo humo. RCCB inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua, maana yake unavujia mahali, pengine mwilini mwa mtu, nayo hukata. Za nyumbani chagua za miliampea 30. Kitufe kinaigiza uvujaji huo, kwa hiyo ukikibonyeza umeme ukiwapo, lazima ukatike. Kama haukatiki, kifaa ni kibovu, ni bandia, au kimefungwa vibaya. Mwite aliyekifunga, abonyeze mbele yako kabla hujamaliza kumlipa. Mwulize pia fito ya ethi, ile ya chuma inayopeleka umeme uliovuja ardhini, imechimbiwa wapi. Bila ethi, jokofu lililopata hitilafu hubaki na moto kwenye bati lake, likisubiri wa kwanza kuligusa, na jikoni wa kwanza mara nyingi ni mtoto asiye na viatu.

Nikibadilisha boksi, lazima nibadilishe na nyaya zote?

Si lazima. Fundi apime kwanza, kwa mashine ya kupima nyaya, si kwa testa ya bisibisi. Nyaya zenye ganda zima zibaki. Anayesema "toa zote" kabla ya kupima anauza nyaya.

Usiku boksi linavuma kama nyuki, hasa hita ya bafuni ikiwashwa. Kawaida?

Si kawaida. Hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, na mahali fulani humo skrubu imelegea. Weka gazeti chini, kazime hita sasa hivi, na kesho oga maji ya ndoo mpaka fundi aje.