Kumwombea ndugu fedha za Inua Jamii

Dada, umeuliza uanzie wapi kabla ya kufika ofisi ya maendeleo ya jamii kumwombea fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wasiojiweza, mdogo wako ambaye hawezi kula wala kuoga bila kushikwa mkono. Anza hospitalini, si ofisini. Fedha hizo, shilingi 2,000 kwa mwezi, hulengwa kwa mwenye ulemavu mkali anayetoka katika kaya maskini na anayehitaji mlezi wakati wote. Kwa hiyo ripoti ya tathmini ya daktari na usajili wake katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ndivyo vitakavyobeba maombi yenu.

Kwa kuwa wewe ndiwe mlezi, kitambulisho chako kitakaguliwa pamoja na cha kwake. Linganisha majina herufi kwa herufi: mimi nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu cheti cha hospitali kiliandikwa "Hasan" na kitambulisho "Hassan", na nauli ya kurudi hakuna aliyenilipa.

Kabla ya tathmini, andika kwa wiki moja anachosaidiwa tangu kuamka, kwani mlezi aliyezoea kazi hiyo husema "anaendelea vizuri" bila kujua anajipunguzia haki. Mwone chifu au naibu wake mapema pia, kwa maana usajili hufunguliwa kwa awamu na tangazo mara nyingi hutolewa barazani. Fomu haiuzwi; atakayedai "ya chai" usimpe, na jina lake liandike.